Anwani ya Ua la Mbololo

Ua lenyewe nililinunua barabara ya Ngong, kwenye vile vitalu vya miche vilivyojibana kati ya mtaro na ukuta wa mtu. Lilikuwa ndani ya kopo jeusi la plastiki: majani mazito yenye malaika kama mkono wa mtoto mchanga, na katikati vijiua vitano vya zambarau, kila kimoja na vitone viwili vya manjano. Kijana wa kitalu alilishika kwa mikono miwili. "Hili ni ua la Kizungu, mathe," akanionya. "Jua kali halitaki. Maji ya baridi juu ya majani halitaki. Linataka kubembelezwa tu." Akataja mia tatu, nikataja mia mbili, tukapatana katikati, nikapanda nalo matatu mapajani hadi South B.

Likakaa dirishani jikoni, upande usiopigwa na jua la mchana. Jumapili ya pili mpwa wangu akaja kula chapati, akaliona, akacheka mpaka akavuta kiti.

"Wewe Anti, umeuziwa ua la Kizungu? Hili lina ndugu zake Mbololo. Kwenu kabisa."

Sasa mimi ni Mtaita wa Mbololo. Nimeteka maji pembeni ya msitu ule, nimeokota kuni huko, nimechapwa kwa kuchelewa kurudi kutoka huko. Nikamwambia ua kama hili sijawahi kuliona. Akaniuliza, "Ulikuwa unaangalia mwambani, au ulikuwa unaangalia ndoo?"

Swali hilo lilinikaa.

Mpwa wangu wakati huo alikuwa kwenye atachimenti, mafunzo ya kazini, katika Hebaria ya Afrika Mashariki, hazina ya mimea iliyokaushwa iliyo ndani ya uwanja wa Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill. Kazi yao ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta lebo za mimea iliyokaushwa, na kulikuwa na rundo la lebo ambazo kila mtu alikuwa akizikwepa kwa sababu ya mwandiko. Mimi nilichambua barua posta miaka 26. Nimesoma anwani zilizoandikwa juu ya goti, ndani ya lori, kwa wino ulionyeshewa. Akaniombea ruhusa, nikapewa beji ya mgeni, na kwa miezi kadhaa nikawa nakwenda siku mbili kwa wiki, nikishuka Globe na kuupanda mlima kwa miguu kwa sababu daktari wangu ananiambia nitembee.

Watu wengi wa Nairobi wameufikia uwanja ule wakiwa watoto wa shule, kwenye foleni ya kwenda kutazama nyoka. Hebaria haina foleni. Ni vyumba vya makabati marefu, kimya, na harufu ya nafthalini inayokurudisha kwenye sanduku la nguo za nyanya yako. Ndani ya makabati mna majalada, ndani ya majalada mna karatasi ngumu, na juu ya kila karatasi kuna mmea uliokufa. Hesabu yake inatajwa kuwa karibu milioni moja. Mara ya kwanza nilifikiri ni kama makaburi. Siku ya tatu nikagundua nimeshawahi kufanya kazi mahali kama hapa: ni chumba cha kuchambulia barua. Kila kabati lina vijumba vyake. Kwanza unapanga kwa ukoo wa mmea, halafu jenasi, halafu spishi, halafu eneo. Na maeneo yenyewe yana misimbo kama yetu ya posta. Nairobi iko K4. Pwani yote, pamoja na Taita, ni K7. Tanga ni T3. Misimbo hiyo ilitumika kuandika orodha kubwa ya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, kazi iliyoanza kuchapishwa 1952 ikamalizika 2012. Miaka 60, spishi zaidi ya 12,000. Nilipoambiwa nilipiga mluzi, nikaombwa nisipige mluzi.

Nieleze sampuli inavyotengenezwa, maana hapo ndipo nilipoelewa lebo ni kitu gani. Mtu anachuma mmea na mizizi yake ikiwezekana, anautandaza ndani ya gazeti, anaubana kati ya mbao mbili kwa mikanda, anabadilisha magazeti kila siku mpaka ukauke. Ukifika mjini unaingizwa kwenye friza kuua wadudu, kisha unagundishwa na pengine kushonwa kwa uzi kwenye karatasi yake. Vipande vinavyodondoka, mbegu au ua lililokatika, vinatiwa kwenye kibahasha kidogo kilichobandikwa pembeni. Bahasha ndani ya barua! Na kona ya chini, kulia, inabandikwa lebo.

Ubanaji huo unahifadhi mengi: umbo la jani, idadi ya petali, mpangilio wa mishipa, hata chavua. Rangi haihifadhiki. Ua la zambarau likikaa miaka michache kwenye jalada linakuwa la rangi ya chai iliyopoa. Harufu inakwenda. Urefu wa mti mkubwa haubaniki kwenye gazeti. Na zaidi ya yote mahali panapotea: kama mmea ulikuwa juu ya jiwe au chini yake, kivulini au juani, karibu na maporomoko au kwenye shamba la mtu. Hayo yote yasipoandikwa siku ile ile hayapo tena. Lebo ni mahali pa kuweka kila kitu ambacho mbao zimekiua. Ndiyo maana mpwa wangu akikutana na sampuli nzuri isiyo na lebo anatoa mguno kama mtu aliyekanyaga msumari. Posta tulikuwa na barua za aina hiyo, bahasha safi, stempu safi, ndani pengine hela, na mbele hamna jina wala sanduku. Unaigeuza, unaigeuza tena, halafu unaiweka kwenye kile kikapu ambacho hakuna aliyependa kukitazama.

Ua langu tukalitafuta siku ya pili. Vitabu vya kale vinaliita Saintpaulia. Wajerumani wanaliita urujuani wa Usambara, na biashara ya dunia nzima inaliita urujuani wa Afrika, ingawa si jamaa wa urujuani wa kweli hata kidogo. Walifananisha rangi tu. Nilishangaa kwamba jina lenyewe linasema Afrika, ua linauzwa Afrika, na muuzaji anakuambia ni la Kizungu. Lakini Nairobi ndivyo ilivyo. Oktoba ikifika tunapigana picha chini ya mijakaranda na kuiita fahari ya mji wetu, ilhali mjakaranda uliletwa kutoka Amerika Kusini.

Hadithi yenyewe, jinsi nilivyoikusanya kwa mpwa wangu na kwa kusoma, inaanza na barua mbili zilizofika zisifunguliwe vizuri. Mwaka 1884 John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza kule Unguja na mpenzi mkubwa wa mimea, alituma kwenye bustani ya mimea ya Kew, London, sampuli ya mmea huu. Mwaka 1887 mmisionari W. E. Taylor akatuma nyingine kutoka pwani ya Kenya ya leo. Sampuli zote mbili zilikuwa duni mno kwa mtu kuutangaza mmea mpya, zikawekwa kabatini. Halafu mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, akauona mmea, na yeye hakutuma majani makavu peke yake. Mbegu zilimfikia baba yake huko Ujerumani, baba akazipeleka kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za kifalme za Herrenhausen mjini Hannover. Zikaota. Mwaka 1893 Wendland akauandika mmea kwa jina la Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya baba na mwana, na mwaka huo huo ukaonyeshwa kwenye maonyesho ya maua mjini Ghent na watu wakaukimbilia.

Hapo nikasimama. Taylor huyo nilikuwa namjua. Si kwa maua; kwa Kiswahili. Mtu yeyote aliyesoma mashairi ya Muyaka wa Mombasa amepita mkononi mwa Taylor, maana ni yeye aliyeyakusanya yasipotee, na mwaka 1891 alitoa kitabu cha methali za Waswahili. Nikamtafuta na yule wa Tanga. Naye, miaka miwili kabla ya ua, alikuwa amechapisha Berlin kitabu cha kufundishia Kiswahili. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi. Watu wale walikuja na vikapu viwili, kimoja cha maneno na kimoja cha majani, na walikuwa wakijaza vyote viwili kwa pamoja, pengine katika matembezi yale yale, pengine kutoka kwa watu wale wale.

Tofauti ni hii. Kwenye kikapu cha maneno tunajua angalau jina moja. Mashairi ya Muyaka Taylor aliyapata kwa msaada wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa, na Sikujua huyo anatajwa mpaka leo. Jina lake ni kejeli tamu: Sikujua ndiye aliyejua. Lakini kwenye kikapu cha majani lebo ina mstari mmoja wa mtu, wa mkusanyaji, na mkusanyaji ni mwenye gazeti na mbao. Aliyemwambia "kuna ua pale nyuma ya jiwe, nifuate" hana mstari. Nimeandika lebo nyingi kwenye kompyuta ile. Nimekutana na majina ya makanali, wake za wakulima, mapadre, walimu wa shule. Nimekutana pia na majina ya Waafrika, na zaidi kadiri miaka inavyosogea. Kuanzia 1971 mkuu wa hebaria alikuwa Mganda, Christine Kabuye, naye aliishikilia zaidi ya miaka 20. Ila za zamani, za mlimani, mtu hafiki kwenye ufa wa mwamba Taita peke yake. Najua njia zile. Kuna mtu alitangulia akikata vichaka.

Mpwa wangu aliniambia nisiwe mkali, kwamba sayansi ya wakati ule ilikuwa hivyo. Nikamwambia posta pia ilikuwa hivyo, lakini mkimbiaji wa barua alikuwa na daftari la kutia sahihi.

Turudi kwenye mbegu. Kampuni ya mbegu ya Benary huko Erfurt ikaanza kuziuza. Miaka ya 1920 kitalu cha Armacost na Royston, Los Angeles, kikaagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, kikaotesha miche kama elfu moja na kuchagua kumi iliyopendeza. Kutoka hapo ua likaingia kila dirisha la Marekani. Na lina kipaji kimoja kinachonitisha kidogo: ukichomoa jani moja na kikonyo chake, ukakichomeka kwenye mchanga wenye unyevu au hata glasi ya maji, baada ya wiki kadhaa chini yake kunachipuka vimea vidogo, vyote nakala ya mama. Kwa hiyo mkoba mmoja wa mbegu ulitosha. Hakuna aliyehitaji kurudi Tanga kuomba zaidi. Mkataba wa dunia unaosema nchi ina haki juu ya mimea yake ulitiwa sahihi Rio mwaka 1992, karne nzima baada ya mkoba ule kuondoka. Langu la mia mbili na hamsini ni mtoto wa mtoto wa mtoto wa majani hayo. Limerudi Afrika likiwa na lebo ya bei, na ile nyingine halina.

Lakini jambo lililonifurahisha kuliko yote, kwa ugonjwa wangu wa posta, ni kwamba kosa la anwani lilikuwemo tangu mwanzo. Saint Paul-Illaire alieleza mahali pawili alipoupata mmea: kwenye nyufa za mawe ya chokaa karibu na Tanga, chini karibu na usawa wa bahari, na juu kwenye miamba ya msitu wa Usambara. Hali ya hewa mbili, mawe mawili tofauti, jina moja. Miongo mingi baadaye mtaalamu wa Uingereza B. L. Burtt alipokaa na sampuli na mimea hai akakuta kwamba mkoba ule ulikuwa na mimea ya aina mbili, na dunia nzima ilikuwa imeikuza kama mmoja. Nyingine akaipa jina la confusa. Kilatini hicho hata mimi nilikielewa.

Burtt huyo ndiye aliyeupa wa kwetu jina. Mwaka 1958 aliutangaza Saintpaulia teitensis, wa Taita, na haumei porini mahali pengine popote duniani isipokuwa Mbololo. Mwaka 1964 akautangaza rupicola, maana yake mkaa mwambani, wa mawe ya chokaa ya Kilifi. Basi pwani ya Kenya, ambako Taylor alichuma mwaka 1887, ilingoja mpaka mwaka wa kwanza wa Jamhuri ndipo mmea wake ukapata jina lake.

Na majina yenyewe hayatulii. Mwaka 2006 spishi ishirini hivi zilipunguzwa zikawa sita, nyingi zikiwekwa chini ya ionantha kama matawi yake, rupicola akiwemo. Wa Taita alibaki peke yake. Mwaka 2015, baada ya kusoma chembe za urithi, wataalamu wakaliingiza kundi zima ndani ya jenasi kubwa iitwayo Streptocarpus. Jina la baba na mwana wa Tanga likashuka cheo. Hebaria haipigi kelele kwa mambo haya. Inachukua kijikaratasi, inaandika jina jipya, tarehe na nani ameamua, inakibandika juu ya lebo au kando yake. Cha zamani hakibanduliwi. Nimeona karatasi zenye vijikaratasi vinne, kila kimoja kinamkosoa mwenzake kwa adabu. Ilinikumbusha bahasha zilizokuwa zikimfuata mtu aliyehama: sanduku la Voi limekatwa, la Mombasa limekatwa, la Nairobi limekatwa, na bado zote zinasomeka. Kwa hizo unajua mtu alipita wapi.

Hebaria yenyewe nayo imehama. Nilikuwa nikidhani ilianzia hapa Nairobi. Kumbe ilianzia Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki, kwenye kituo cha utafiti cha Wajerumani kilichofunguliwa 1902, katikati ya nyumbani kwa ua hili hasa. Waingereza waliirithi baada ya vita vya kwanza, na mwaka 1950 makabati yakahamishiwa Nairobi. Nimejaribu kuipiga picha kichwani safari ile: malori ya majani makavu yakiteremka Usambara, mtu amekaa juu akiomba mvua isinyeshe. Wakati huo thamani yake ilikuwa imeshapanda bila mtu kutaka. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yaliiangukia hebaria ya Berlin, ikaungua sehemu kubwa kabisa ya sampuli zake, na humo mlikuwa na mimea mingi mno ya Afrika Mashariki iliyotangazwa na Wajerumani. Kilichookoa kazi yao ni mazoea ya zamani ya wakusanyaji: wakichuma, wanachuma karatasi mbili tatu za mmea ule ule na kuzigawa, moja hapa, moja ng'ambo. Kwa mimea kadhaa nakala iliyobaki hai ilikuwa ile iliyokuwa Amani. Sasa iko Museum Hill, umbali wa jiwe kutoka kwenye msongamano wa magari, ndani ya jalada jekundu. Jekundu ni la zile sampuli mama ambazo jina la mmea limeshikizwa kwake. Hizo mimi sikuruhusiwa kugusa, na nilikubaliana nao. Nilionyeshwa tu mashine ya kuzipigia picha: skana iliyopinduliwa kichwa chini, sampuli inalala chali na kuinuliwa taratibu kukifuata kioo, kwa sababu ukimpindua mzee wa miaka mia na zaidi uso chini vipande vitamwagika.

Kazi yangu ilikuwa ya chini zaidi na niliipenda. Kusoma. Herufi "a" ya mmoja ni "u" ya mwingine. Kuna mtu mmoja wa miaka ya 1930 ambaye "l" zake zote zimelala kama wagonjwa. Nilipewa karatasi ambayo mtu mwingine alikuwa ameiingiza kwenye kompyuta akiandika mahali "Mbulolo", na kompyuta ilipokosa Mbulolo ikaiacha bila nukta. Nikaisoma mara moja tu; nililisoma jina lile kwenye bahasha za mama yangu miaka yote. Mikono ikanitetemeka kidogo, na ni utoto, maana ni karatasi tu. Mmea mmoja mkavu, wa rangi ya chai, majani yake yamejikunja kwenye ukingo. Lebo inasema maua ya zambarau. Inasema mwamba, kivuli, msitu. Inataja kijito.

Kijito hicho nimekiogelea.

Makosa ya kompyuta yana ucheshi wake, ukishazoea. Rekodi isiyo na vipimo vya ramani mara nyingine hujazwa sifuri na sifuri, na sifuri na sifuri ni baharini, Ghuba ya Guinea, upande wa magharibi wa Afrika. Mpwa wangu anasema huko kuna bustani kubwa kuliko zote duniani, mimea ya kila bara inaelea. Kwetu kosa la kawaida ni alama ya kutoa. Taita iko kusini ya ikweta, kwa hiyo kipimo chake cha kwanza lazima kianze na kistari. Mtu akikisahau, Mbololo inaruka ikweta na kutua upande wa pili kwa umbali ule ule, kwenye ukame wa Marsabit, jirani na Turbi. Nilikuta ua mmoja wa kivulini, wa mwamba wenye ukungu, limepandwa huko. Nikaliwekea kistari chake, likarudi nyumbani. Sidhani kama kuna barua niliyowahi kuifikisha kwa raha kama ile.

Usiku huo nikampigia simu mjomba, ambaye bado anaishi chini ya msitu na ana maoni kuhusu kila kitu. Nikamweleza: kimea kidogo, majani ya mviringo yamekaa kama sahani, ua la zambarau, linapenda mawe yenye maji.

"La mwambani," akasema, bila kufikiri. "Si lile mlilokuwa mkiambiwa msilikanyage?"

"Nani alituambia?"

"Mama. Alisema likiwepo mwamba huo haukauki maji. Nyinyi mlikuwa mnakanyaga tu."

Nikanyamaza. Nikakumbuka sauti ya nyanya, na ndoo, na kwamba kweli kulikuwa na mahali tulikatazwa kupita, tukadhani ni mambo ya nyoka.

Nilitaka kuweka ramani kwenye makala haya. Nilitaka kuandika jina la kijito, na jinsi ya kufika kutoka stendi ya Voi, na jiwe lilipo. Mpwa wangu alisoma rasimu akafuta aya nzima. Spishi adimu, akaniambia, rekodi zake zikiwekwa hadharani huwa zinatiwa ukungu makusudi. Nukta inasogezwa au inafanywa kubwa mpaka inafunika wilaya, kwa sababu wapo wanaosafiri na mfuko wa plastiki. Mmea unaoishi kwenye mlima mmoja peke yake hauhitaji wezi wengi. Anayestahili kujua anaomba, anajieleza, anapewa. Nilikasirika kwa muda wa chapati mbili. Miaka 26 nimefundishwa kwamba anwani pungufu ni dhambi, leo naambiwa anwani kamili ndiyo hatari. Halafu nikakumbuka kwamba posta pia hatukuwa tukimwambia mtu yeyote sanduku la fulani ni lipi. Kwa hiyo mtasamehe. Ni Mbololo, mwambani, kivulini. Wanaokujua wanakujua.

Kuna timu itakwenda huko mvua zikianza, na vibali vyake, kuhesabu mimea iliyobaki na kuchuma jani moja moja kwa ajili ya uchunguzi. Mjomba atawaongoza, ndiye pekee aliyejibu "la mwambani" bila kufikiri. Nikamwuliza mpwa wangu, huyu ataandikwa wapi? Akasema fomu ya siku hizi ina kisanduku cha maelezo, na hakuna anayemkataza mkusanyaji kutaja humo aliyemwonyesha. Nikasema basi andika. Nikampigia mjomba kumwomba majina yake kamili, yale ya kitambulisho.

Akanipa. Kisha akasema, "Andika na la Mama, maana ndiye aliyenionyesha mimi." Nikaandika. Akasema kuna na yule jirani aliyekuwa akipeleka nyuki zake huko. Kuna na mama yake Mama.

Mpwa wangu anasema kisanduku kinachukua herufi 255 tu. Simu bado iko hewani, na mjomba hajamaliza.